Picha ya Ubavu

Fundi Picha hakuwa akiiangalia kamera yake akiwa kazini. Aliangalia ng'ombe. Mkono wa kulia ulijua wenyewe pa kwenda: kidole gumba kwenye gurudumu la nyuma, cha kati kwenye kitufe cha kupigia, na cha shahada kimesimama hewani, kimenyooka kama mwiba, kwa sababu kilikuwa hakikunjiki. Kuhusu kidole hicho nilisikia hadithi tatu, zote zimetoka kinywani mwake. Watu wa Kerende aliwaambia ni jiwe la mgodini, enzi wachimbaji wadogo waliposhuka na nyundo na tochi. Kwa mkewe alisema alianguka na baiskeli. Mimi aliniambia ni fahali aliyekibana kwenye nguzo ya zizi. Nilipomuuliza ipi ya kweli, akanitazama kwa huruma.

"Chuo, unataka kidole au unataka kesi?"

Chuo ndilo jina alilonipa tangu niliporudi Gorong'a na digrii yangu na kukaa nyumbani bila kazi. Nyumba zetu zilitenganishwa na uzio wa minyaa tu, na mimi ni mtu nisiyekubali jambo kabla sijaligeuza upande wa pili, kwa hiyo tuligombana karibu kila nilipovuka uzio. Nikimwambia shikamoo aliitikia, "Marahaba. Leo umeshakataa nini?"

Kazi yake kubwa haikuwa harusi. Harusi kila mwenye simu anapiga. Yeye alijulikana kwa ng'ombe wa mahari, na aliitwa hata upande wa Serengeti kwa kazi hiyo. Siku ng'ombe wanapoletwa kwa wazazi wa binti, wazee wa pande zote mbili husimama kwenye lango la zizi. Ng'ombe wanapitishwa mmoja mmoja, na upande wa binti unakubali au unakataa. Aliyekubaliwa anaingia. Akishaingia hatolewi tena siku ile, kwa sababu yoyote. Kumtoa ni kusema amekataliwa, na kumkataa ng'ombe aliyekwisha kuingia ni kumkataa aliyemleta. Kwa hiyo mpiga picha ana nafasi moja, kati ya nguzo mbili za lango, wakati ng'ombe amegeuza ubavu na bado hajaingiza miguu ya nyuma.

Tuliiita picha ya ubavu. Ilionyesha madoa, pembe, chapa, sikio lililochanika, na, nyuma ya ng'ombe, mzee mmoja wa kila upande akiwa ameshika fimbo. Ndoa huvunjika, na ikivunjika ng'ombe hurudi kudaiwa, na kumbukumbu za watu ni kama tunavyozijua. "Ng'ombe wa mahari hunenepa mdomoni," Fundi alisema. "Aliingia mtamba, anadaiwa fahali. Alikuwa na doa, sasa ana bendera."

"Lakini picha inathibitisha nini?" nilimuuliza siku moja. "Inaonyesha ng'ombe langoni. Haionyeshi ni wa nani."

"Inaonyesha nani alikuwepo akanyamaza."

"Na walionyamaza nje ya picha?"

"Hao nenda ukawatafute wewe. Una miguu na huna kazi."

Hatukuwahi kuafikiana. Niliwahi kuona mwenyewe mzee mmoja akipewa picha iliyo wazi kabisa, akaigeuzageuza, akasema huyu si yeye, siku ile jua lilikuwa kali likabadilisha rangi. Kesi ikaendelea kama kawaida. Nilimletea Fundi habari hiyo nikidhani nimemkamata. Alicheka hadi akakaa chini. Sidhani kama aliamini picha zinamaliza ugomvi. Nadhani alipenda ile nafasi moja.

Kamera yenyewe aliinunua ikiwa imeshatumika, kwa mtu aliyefanya kazi kwenye hoteli za watalii karibu na hifadhi. Ilikuwa nyeusi, nzito, raba yake ya kushikia imebanduka na yeye akaibandika upya kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ilikuwa ya zamani hata siku alipoinunua. Lakini swichi yake ya kuwashia ilikuwa kushoto, mbali na kitufe. Kitufe kilikuwa kikubwa, kimekaa mahali ambapo kidole cha kati kinafika bila kuhangaika. Ukiiwasha imeamka, haina salamu. "Kitu kikikuuliza swali," alisema, "ng'ombe ameshapita."

Simsifu kwa kila jambo. Alikataa katakata kuiachia kamera ijipangie mwanga yenyewe, hata pale ambapo ingefanya vizuri kuliko yeye, na ndiyo maana maharusi wengi wa kata yetu wako gizani hadi leo. Ukimwambia picha imekuwa nyeusi, alisema kanisa ndilo jeusi. Aliamini pia kwamba kamera nzito huona mbali kuliko nyepesi, na nilipomchorea mchoro kumweleza lenzi inavyofanya kazi, akaniambia nimchoree na uzito.

Halafu palikuwa na jambo hili ambalo sikulielewa kamwe. Mtu huyu aliyeng'ang'ania kamera moja kama koti la marehemu baba yake, alifuatilia matoleo mapya kuliko kijana yeyote ninayemjua. Wengine hufuata usajili wa wachezaji; yeye alifuata kamera. Simu yake ilikuwa ya tochi, hivyo alinitumia mimi. Nilikaa kwenye kigoda nikifungua kurasa za watu wanaojaribu kamera, nikimtafsiria kutoka Kiingereza, huku yeye akifuta lenzi kwa kipande cha kanga kuukuu.

"Hii mpya inapiga picha nyingi kwa sekunde moja kuliko ya mwaka jana," nikasoma.

"Ng'ombe ni mmoja. Endelea."

"Inatuma picha kwenye simu bila waya."

"Simu ya nani? Endelea. Swichi iko wapi?"

Swichi iko wapi. Swali hilo aliliuliza kwa kila kamera, na mara nyingi nilikosa jibu. Wanaojaribu kamera walieleza kila kitu kilichoongezwa, na mambo ya mkono waliyaacha mwishoni, kwa sentensi moja ya kwamba inachukua muda kuzoea. Nilitafuta picha iliyopigwa kutoka juu ili nimwonyeshe. Tangazo la kiwanda lilionyesha uso wa kamera tu, lenzi imekutazama kama mgombea uchaguzi.

Mara chache tulipata, tukaikalia kama wazee wa baraza. Toleo moja lilikuwa na betri inayodumu, lakini swichi imehamishiwa kwenye pete inayozunguka kitufe cha kupigia. Lililofuata likarudisha swichi kushoto, likaondoa gurudumu la nyuma. Lililofuata tena likarudisha gurudumu, likapunguza mwili hadi kidole chake kigumu kikakosa pa kupita.

"Hawa watu wana ng'ombe mzima ndani," Fundi alisema. "Mwaka huu wanatukatia paja, mwakani ubavu. Wakituuzia mzima tutawarudia lini?"

"Labda hawana ng'ombe mzima. Labda nao wanajifunza."

"Anayejifunza hahamishi kitufe kilichokuwa sawa." Kisha, kila mara, bila kukosa, alifunga mjadala kwa maneno yaleyale: "Hii tuipishe. Inayofuata watarekebisha."

Nilimwuliza mbele ya mkewe: unawaita wezi, halafu unawaamini kuwa mwakani watakurekebishia? Aliendelea kufuta lenzi. Mkewe, aliyekuwa akipepeta ulezi mlangoni, ndiye aliyecheka.

"Mimi mbona hukungoja inayofuata?" akamwuliza.

"Wewe walipokutoa walifunga kiwanda."

Mama wa watu akaficha uso kwenye ungo. Fundi akanigeukia kama vile mimi ndiye niliyemchokoza, akaniambia kwetu chakula kimeiva, nisikie harufu.

Alipisha kamera namna hiyo kwa miaka. Zote zingeweza kumfaa kidogo. Alikuwa na uwezo wa kununua baadhi yake, na mimi nilimwambia anunue. Nakumbuka lile toleo lenye swichi kushoto. Nilimsihi kwa kweli. Akasema tungoje warudishe gurudumu.

Mimi ndiye niliyemletea habari. Nilisoma kwamba kiwanda kile kimeacha kutengeneza aina nzima ya kamera kama yake, zile zenye kioo ndani, na kwamba nguvu zote sasa ziko kwenye ndogo. Nilivuka uzio nikiwa na simu mkononi, nikamkuta anabandua raba iliyolegea.

"Wameacha," nikamwambia. "Haitakuja nyingine ya aina hii."

"Nani amewaambia waache?"

"Soko."

"Soko la wapi? La Nyamongo?"

Nilianza kumweleza. Kwamba wanaonunua siku hizi wanataka kitu chepesi, wengi wanapiga video, na mtengenezaji anafuata wengi. Nilikuwa nasema kweli, na nilivyozidi kuisema ndivyo nilivyozidi kujisikia kama mtu anayemsomea mwingine barua ya kufukuzwa kazi. Nilijaribu kukasirika kwa niaba yake nikakosa wa kumkasirikia. Kule kiwandani hakuna mtu aliyekaa akaamua kumwonea mzee wa Gorong'a mwenye kidole kisichokunjika. Hakuna aliyemfikiria kabisa.

Kamera ya zamani ikaanza kufa taratibu. Kitu fulani ndani kilikuwa hakifunguki sawasawa, kikawa kinaacha mstari mweusi katikati ya picha. Ng'ombe akawa anatoka vipande viwili, kichwa huku na mkia kule. Fundi wa redio alimfungulia, akapuliza, akafunga. Tukaenda Sirari, kwa muuzaji anayeleta vitu kutoka ng'ambo ya mpaka.

"Mzee, hiyo yako siku hizi hakuna," muuzaji akasema. "Hii ndiyo iko kwa soko sasa. Iko na tachi, iko na waifai, na inashika uso yenyewe. Wewe ni kufinya tu."

"Uso wa nani?"

"Wa mtu yeyote."

"Na wa ng'ombe?"

Muuzaji akacheka akidhani ni utani. Baada ya wiki kadhaa alitupatia moja kama ile ya zamani, iliyokwishatumika. Fundi aliishika akafumba macho, vidole vikatulia. Ilipiga mahari moja huko Issenye, na kabla ya mahari ya pili ikaanza mstari uleule mweusi. Zote zilikuwa za umri mmoja. Zilikuwa zinakufa pamoja, kama watu waliotahiriwa mwaka mmoja.

Sasa niseme kuhusu ukuta. Sebuleni kwake hakukuwa na picha ya harusi. Palikuwa na picha za ubavu za ng'ombe wa binti zake wakubwa, zimewekewa fremu, kila binti na safu yake. Siku za mahari zao yeye alisimama langoni kama baba na kama mpiga picha, jambo lililowaudhi wazee, maana baba anapaswa kushika fimbo. Alishika kamera. Chini ya safu hizo palibaki ukuta mtupu, na misumari ilikuwa imeshapigwa. Ilikuwa nafasi ya binti yake wa mwisho. Msichana yule alikua akiiona kila siku. Akiwa mdogo aliwaambia wageni, "Hapa ni mimi."

Alipochumbiwa, mimi nilikuwa nimeshapata nafasi ya kufundisha kwa kujitolea huko Issenye. Kaka yake anayefanya kazi Mwanza aliona baba hana kamera, akanunua mpya kabisa, nzuri kwa kila kipimo isipokuwa mkono wa baba yake. Aliileta ikiwa kwenye boksi, siku ya mahari yenyewe ikiwa imeshakaribia. Asubuhi ya siku hiyo nilishuka kwenye bodaboda nikakuta Fundi amesimama uani akipiga picha mbuzi, amenyoosha kamera mbele kama mtu aliyeshika nyoka.

"Chuo. Njoo uongee na hiki kitu. Kinanikatalia mbuzi, kinamtaka mpishi."

Kweli. Mbuzi alikuwa ukungu, na nyuma yake mama aliyekuwa akichochea moto ametoka safi hadi nyusi. Kamera ilikuwa inatafuta nyuso za watu. Niliingia kwenye menyu. Kulikuwa na menyu ndani ya menyu, na majina ambayo hata mimi niliyasoma mara mbili. Nikaizima ile ya kushika nyuso. Lakini kamera ilikuwa na kioo cha kugusa mgongoni, na Fundi alipoweka jicho kwenye dirisha la kuchungulia, pua yake ilikigusa, nayo kamera ikatii pua. Nilikuwa bado natafuta pa kukizimia kioo hicho tuliposikia vigelegele barabarani. Wageni walikuwa wamewahi. Na swichi ilikuwa ile ya pete, imezunguka kitufe. Hiyo hakuna menyu inayoihamisha.

"Mpe mwanao apige," nikamwambia kwa sauti ndogo. "Au nipe mimi."

"Wewe utaangalia kamera," akasema, akaenda langoni.

Ng'ombe wa kwanza akaja, mwekundu, mpole. Fundi akainua. Pua ikagusa, picha ikashika nguzo. Ng'ombe akaingia. Wa pili akaja kwa haraka, kidole cha kati kikateleza juu ya kitufe kikavuta pete, kamera ikajizima mkononi mwake. Akaiwasha. Ikatuonyesha kwanza nembo ya kiwanda. Ng'ombe akaingia.

"Fundi, tusonge?" akauliza mzee wa upande wa bwana harusi.

"Subirini."

Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo langoni. Lakini ng'ombe aliyechapwa fimbo hasubiri, na nyuma yake wengine walikuwa wanasukumana. Vijana wakaanza.

"Mzee, vaa miwani!"

"Hiyo ina waifai, mura," kijana mmoja akamwambia mwenzake, "ng'ombe watakuja wenyewe!"

Nilitoa simu yangu nikasogea, wazee wakanizuia kwa fimbo, nikapata mikia. Wenye simu wengine walikuwa wamewaelekea mashangazi waliokuwa wakicheza. Fundi aliendelea kuinua na kushusha. Kila aliposhusha, alitazama kamera. Alikuwa mtu mzima anayetazama vidole vyake mwenyewe.

Wa mwisho alikuwa mtamba mweusi mwenye mkanda mweupe kiunoni, yule ambaye ukoo wa bwana harusi ulikuwa umemtaja tangu posa. Alikuja kichwa juu, akapita kati ya nguzo mbili, akageuza ubavu wote kama aliyefundishwa. Kidole kikashuka. Kamera ilikuwa imejizima.

Lango likafungwa. Watu walikuwa wameshaelewa, kelele zikapungua. Yule mzee wa upande wa bwana harusi alikuwa mtu mwungwana, akakohoa, akasema, "Fundi, sisi hatuna neno. Tumtoe huyu wa mwisho kidogo tu, upige, arudi ndani."

Wazee wa kwetu wakatazama chini. Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na kanga yake mpya. Fundi angesema tu ndiyo, mtamba angetoka, na hakuna ambaye angemlaumu usoni. Wangekumbuka tu, baadaye, siku ndoa itakapotikisika, kwamba huyu alitolewa.

Fundi akaivua kamera shingoni, akanipa, akachukua fimbo ya baba wa binti iliyokuwa imeegemezwa ukutani bila mtu.

"Ameingia," akasema.

Nilimwona tena kesho yake asubuhi, kabla sijarudi Issenye. Alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na lango la zizi, ng'ombe wakitolewa kwenda malishoni. Nilikuwa nimepata mahali pa kuzima kioo, nikaja na kamera. Nikamwambia, Fundi, wanapita, mwanga mzuri, tupige sasa.

"Hao ni ng'ombe wangu tu," akasema. "Mahari ilikuwa jana."

Nilitaka kubishana. Nilikuwa na hoja: ng'ombe ni wale wale, ubavu ni ule ule, nani atajua? Ilikuwa hoja nzuri na sikuitoa. Mtamba mwenye mkanda mweupe akapita mbele yetu. Kidole cha kati cha Fundi kilikuwa juu ya goti, nikakiona kikishuka, taratibu, kikainuka. Akapita mwingine. Kikashuka tena.

Zizi lilipobaki tupu akajipangusa magoti.

"Nyingine wanatoa lini?"

Nikafungua simu. "Mwezi ujao, wanasema."

"Swichi?"

Nilikuza tangazo kwa vidole viwili. Lenzi ilikuwa imenikodolea. Nikatelezesha picha iliyofuata, ni lenzi, iliyofuata, lenzi.

"Hawajaonyesha upande huo."

"Hawaonyeshagi," akasema, akanyoosha mkono nimpe kamera airudishe kwenye boksi.